Mtoto akililia roketi: uchambuzi wa kisa cha Boba Fett wa 1979

Mwaka 1979 watoto wa Marekani waliokuwa wakinunua midoli ya filamu ya Star Wars walikuta tangazo kwenye kadi ya mdoli. Kata alama nne za ununuzi, zitume kwa posta kwa kampuni ya Kenner, nawe utaletewa bure mhusika mpya ambaye hata filamu yake haijatoka. Jina lake Boba Fett. Mgongoni alibeba roketi nyekundu, na tangazo liliahidi kwamba roketi hiyo inafyatuka.

Kifurushi kilipofika, roketi ilikuwa imegandishwa. Haifyatuki wala haichomoki. Ndani ya kifurushi mlikuwa na karatasi iliyoeleza kwamba kifyatulio kimeondolewa kwa sababu za usalama, na kwamba asiyeridhika anaweza kumrudisha mdoli akapewa mwingine amtakaye katika mfululizo huo.

Mwaka 2024 sampuli ya kiwandani ya Boba Fett huyohuyo, iliyopakwa rangi kwa mkono na yenye roketi ya kufyatuka, iliuzwa mnadani kwa dola za Marekani 525,000.

Kisa hiki husimuliwa sana kama hadithi ya hazina: kile ambacho watoto walinyimwa, watu wazima wamekigombania. Mimi nakisoma kama kisa cha ubunifu. Kuna kipande kimoja kidogo cha plastiki ambacho mtoto na mkusanyaji wote walikitaka, kila mmoja kwa sababu yake, na mbunifu akabanwa katikati. Kila anayechora mdoli wa mhusika leo, akitaka uishi kwenye kapu la mtoto na kwenye rafu ya mtu mzima, atakutana na kipande kama hicho. Huenda kisiwe roketi. Kinaweza kuwa upanga, taji, sumaku au jicho la kioo.

Mwili kabla ya roketi

Kenner walipopata haki za Star Wars mwaka 1977, midoli ya wavulana nchini mwao ilikuwa imezoea kipimo cha mdoli wa askari, G.I. Joe wa 1964, yaani inchi 12. Kenner wakashuka hadi inchi 3 na robo tatu, kama milimita 95. Sababu kubwa ilikuwa vyombo vya angani. Filamu imejaa vyombo, na mtoto atataka kuwapandisha wahusika humo. Kwa mdoli wa inchi 12, chombo kama Millennium Falcon kingekuwa kikubwa kuliko kitanda chake.

Viungo vilikuwa vitano tu: shingo, mabega mawili, nyonga mbili. Goti halikunjiki, kiwiko hakikunjiki. Mkusanyaji aliyezoea midoli ya sasa anaweza kuuita ufukara. Kwa mkono wa mtoto wa miaka mitano ule ni uhuru: unamsukuma mdoli mara moja anaketi, unamwangusha anaokotwa mzima, na hakuna kiungo cha kifundo cha mguu cha kukatika.

Boba Fett mwenyewe alibuniwa na wachoraji wa filamu hizo, Ralph McQuarrie na Joe Johnston. Hadharani alionekana mara ya kwanza kwenye gwaride la mji wa San Anselmo, California, Septemba 1978, kisha katika sehemu ya katuni ya kipindi cha televisheni mwezi Novemba mwaka huohuo. Filamu yake ilitoka Mei 1980. Kwa hiyo aliyemchonga mdoli hakuwa na filamu ya kutazama, na rangi inalionyesha hilo: mwili wa mdoli ni kijivu cha kuelekea bluu, ilhali deraya ya kwenye filamu ni ya kijani. Watoto hawakulalamika. Watu wazima bado wanabishana.

Ila kuna jambo ambalo mchongaji alilipatia moja kwa moja. Mweke mdoli huyu mbele ya taa, tazama kivuli chake ukutani: kofia ya chuma, antena kando, mkoba mgongoni na ncha ya roketi ikichomoza juu ya bega. Unamjua papo hapo. Naamini hapo ndipo mtoto na mkusanyaji wanapokutana kuliko mahali pengine popote. Rangi ikikosewa mtoto husamehe. Viungo vikipungua mkusanyaji husamehe. Kivuli kikiharibika hasamehe yeyote. Na roketi ilikuwa sehemu ya kivuli.

Mtoto wa miaka minne

Wakati Boba Fett akiandaliwa, kampuni nyingine ya midoli, Mattel, ilikuwa sokoni na vyombo vya angani vya kipindi cha televisheni cha Battlestar Galactica vyenye makombora madogo ya kufyatuliwa kwa springi. Mtoto wa miaka minne alifariki baada ya kombora la mojawapo ya vyombo hivyo kumwingia kooni na kumziba pumzi. Mapema 1979 Mattel walivirudisha vyombo hivyo kutoka sokoni, na vilivyofuata vilikuja na makombora yasiyofyatuka.

Kenner walikuwa wameshatangaza. Kadi za kipindi kile, ambazo wakusanyaji huzitambua kwa idadi ya midoli 20 iliyochapwa nyuma, zilikuwa na picha na maneno ya roketi inayofyatuka. Ikabidi stika zibandikwe juu ya maneno hayo. Ukimkuta mkusanyaji leo akikagua stika ile kwa kioo cha kukuzia, ujue anatazama kovu la uamuzi wa haraka. Tena ahadi iliyovunjwa haikuwa ndogo, kwa sababu Kenner walishawazoeza watoto kuamini posta: kwa Krismasi ya 1977 waliuza kifurushi chenye hati bila mdoli ndani, na midoli minne ya kwanza ikafika mapema 1978 kama ilivyoahidiwa.

Sampuli zilizosalia ndizo zinazonivutia zaidi. Mgongoni mwa zile za mwanzo, mfereji wa kufungia roketi una umbo la herufi L. Za baadaye una umbo la J, ili kishikio kijifunge vizuri zaidi na roketi isifyatuke ovyo. Yaani kuna fundi aliyekaa, akaona hatari, akairekebisha. Kazi safi. Lakini alikuwa akijibu swali la kufyatuka, na swali lenyewe lilikuwa la koo. Roketi iliyofungwa kwa J bado ilikuwa ndogo kiasi cha kupita mdomoni mwa mtoto, na mtoto anayetaka kufyatua huifyatua, hata mfereji uwe na umbo gani. Kosa la namna hii nimeliona mara nyingi kwenye michoro ya midoli: watu wanaimarisha kufuli ilhali kilichofungiwa ndicho chenye kasoro.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Hawakuwa na kiwanda cha midoli.

Silinda na kivuli

Kanuni ya Marekani kuhusu vipande vidogo ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1980. Kipimo chake ni silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7, ambayo kitako chake kimelala kwa mshazari, kina kikianzia milimita 25.4 upande mmoja hadi 57.1 upande wa pili. Inaiga koo la mtoto mdogo. Kipande kikizama chote ndani bila kubanwa, kwa upande wowote utakaokiingiza, hakifai kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu.

Tazama mambo mawili. Kenner waliondoa kifyatulio kabla kanuni hiyo haijaanza kufanya kazi. Na hata ingekuwa inafanya kazi, mtoto aliyefariki alikuwa na miaka minne. Umri wa kanuni usingemfunika. Mbunifu anayesoma kanuni kama mpaka wa wajibu wake angesema yuko salama. Makombora hatimaye yakawekewa masharti yake ya pekee, yanayodai kwamba kitu kinachofyatuliwa kisiingie kwenye silinda ile, kwa sababu kitu kinachosukumwa na springi hakingoji kumezwa. Bunduki ndogo ya Boba Fett nayo ingezama kwenye silinda. Tofauti ni kwamba hakuna kinachoirusha.

Sasa weka vipimo pamoja. Mdoli ana milimita 95. Ili roketi isizame kwa urefu, yahitaji kupita milimita 57. Hiyo ni asilimia 60 ya urefu wa mdoli mzima! Ni sawa na mtu mzima kubeba mgongoni nguzo inayomfikia kitovuni. Kivuli kimekufa, na mdoli mwenyewe anaanguka chali kwa uzito. Ukitazama midoli ya miaka ya 1990 na kuendelea utaiona suluhisho hiyo kila mahali: silaha za kufyatua makombora marefu kama mguu wa mhusika. Mtoto anafurahi. Mkusanyaji anaichomoa, anaitupa kwenye sanduku, kisha analalamika kwamba amelipia plastiki ya bure.

Vipi kupanua badala ya kurefusha? Roketi yenye mapezi yanayopita milimita 32 ingeshindana na mabega ya mdoli kwa upana. Vipi kuifanya laini? Hapa wengi huteleza, wakidhani sponji au mpira ni salama kwa sababu hauchomi. Kitu laini hujifinyanga kufuata umbo la koo na kuliziba barabara. Vipande vya puto vimeua watoto kwa njia hiyohiyo. Kamba ya kuishikilia? Hukatika, hujifunga, na hutazamika vibaya.

Basi Kenner wakagandisha. Lilikuwa jibu la haraka, la bei nafuu, na kwa upande wa kivuli lilikuwa sahihi kabisa: yule mdoli aliyefika kwenye sanduku jeupe la posta alifanana na yule wa kwenye picha. Kilichopotea ni kitendo.

Na hapo naona kulikuwa na njia ambayo haikupitwa. Mtazame mtoto anayecheza na kitu cha kufyatua. Mara ya kwanza anatazama kombora linaangukia wapi. Kuanzia mara ya tatu anatazama kidole chake: anabonyeza, kitu kinaruka, anacheka, anarudisha. Raha yake iko kwenye mbonyezo na mlio. Umbali ni nyongeza tu, tena ndiyo nyongeza inayopoteza kombora chini ya kabati siku ya pili. Roketi ingeweza kuchomoza milimita nane au kumi ikalia *tak* na kugota pale, isitoke kamwe, shingo ya plastiki ikiizuia kwa ndani. Mtoto amepata mbonyezo wake. Mkusanyaji amepata kivuli chake, pamoja na roketi isiyoweza kupotea, jambo ambalo kwa mnunuzi wa midoli iliyotumika si dogo. Ingedai vipande zaidi vya kalibu (umbo la kumiminia plastiki), pini, na mikono ya kuunganisha kiwandani. Kwa mdoli wa kugawa bure, ambaye tangazo lake limeshachapwa, naelewa kwa nini hakuna aliyeipendekeza. Kwa anayeanza na karatasi tupu, hakuna udhuru huo.

Kwa nini watu wazima waliikumbuka

Aliyekuwa na miaka minane mwaka 1979 alipofika thelathini alianza kununua tena. Hakutafuta mdoli bora. Alitafuta ule aliokuwa nao, au ule alioahidiwa. Pana mfano mwingine katika mfululizo huohuo: mdoli wa kwanza wa mhusika aitwaye Jawa alikuwa na joho la plastiki nyembamba, Kenner wakaona linaonekana duni kwa bei ileile, wakambadilishia joho la kitambaa. Kitambaa kilikuwa bora kwa mtoto kwa kila hali. Leo wa plastiki ndiye anayesakwa, kwa sababu ni wachache.

Mbunifu asijifunze somo baya hapo. Uhaba haubuniwi mezani. Ukijaribu kuupanga, wakusanyaji wanaunusa, na watoto wanakosa mdoli dukani. Kinachoweza kubuniwa ni uaminifu kwa mhusika, na huo hauna umri.

Historia ya baadaye ya midoli hiyohiyo inanipa ushahidi. Kampuni ilishapita mikononi mwa Tonka, kisha Hasbro mwaka 1991. Mfululizo uliporudi mwaka 1995, wahusika walikuja wamevimba misuli kama wanyanyua vyuma, kwa kuamini kwamba ndivyo watoto wa wakati ule walivyopenda. Wakusanyaji waliwacheka, na walikuwa na haki: Luke Skywalker si mtu wa kifua kile. Mwaka 2013 Hasbro wakagawanya njia: midoli ya viungo vitano kwa watoto, na Black Series, yenye mdoli wa inchi 6 na viungo vingi, kwa wakubwa. Ni suluhisho la kibiashara linaloeleweka. Kila upande una kalibu yake, bei yake, kisanduku chake.

Kisha likatokea jambo ambalo mgawanyo huo haukulitabiri. Mwaka 2019 Hasbro hao hao walitoa Retro Collection, midoli ya viungo vitano kwenye kadi za mtindo wa kale, na waliolengwa na kumbukumbu hiyo walikuwa watu wazima. Umbo lililoitwa la kitoto ndilo lililokuwa likililiwa. Nalisisitiza hili kwa sababu kila kikao cha kubuni mdoli wa "rika zote" huanza na mtu kusema watu wazima wanataka viungo zaidi na vipande zaidi. Wengine wanataka. Wengi wanataka mhusika aliyechongwa na mtu aliyemtazama kwa makini, akapakwa rangi isiyovuka mstari, akasimama bila kuegemezwa. Hayo yote unaweza kumpa na mtoto bila kuongeza hata kipande kimoja cha kumeza.

Na Boba Fett? Mwaka 2010 Hasbro walimtoa kwa posta, kwa kukusanya alama za ununuzi kama zamani, safari hii roketi ikifyatuka. Ahadi ilichukua miaka 31.

Maandishi ya "14+"

Kuna njia ya mkato ambayo haikuwepo mwaka 1979 na leo inatumiwa kupita kiasi. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 kuhusu usalama wa vitu vya kuchezea yanaviweka nje ya hesabu vitu vya wakusanyaji, mradi kitu chenyewe au kisanduku chake kioneshe wazi kwamba ni cha wakusanyaji wa miaka 14 na zaidi. Marekani nayo, kwa sheria ya mwaka 2008, bidhaa ya mtoto ni ile iliyokusudiwa hasa kwa wenye miaka 12 au chini, na hiyo ndiyo inayobeba mipaka mikali ya madini ya risasi kwenye rangi na plastiki.

Ndipo mtu anapopata wazo: tuchapishe 14+ na tulale. Halifanyi kazi. Maneno ya mtengenezaji ni kigezo kimoja tu. Wakaguzi wa Marekani hutazama pia ufungashaji, matangazo, na jinsi wanunuzi wa kawaida wanavyokitambua kitu. Mhusika wa katuni mwenye macho makubwa, mwili laini na bei ya mfukoni ni wa mtoto hata ukimwandikia 40+. Zaidi ya hapo, mkusanyaji ana watoto, wajukuu, wageni wenye watoto. Rafu ya chini ni ya mtoto.

Mimi hulikata hivi. Mwili mmoja, kalibu moja, iliyopimwa kwa kipimo cha mtoto: uangushwe mara tano kutoka sentimita 85, uvutwe kwa nguvu ya niutoni 90, ambayo ni kama kuning'iniza kilo tisa kwenye mkono wake, na kisichomoke kitu. Baada ya hapo mkusanyaji huhudumiwa kwa vile ambavyo mtoto hawezi kuvimeza: rangi ya safu nyingi, kivuli kwenye mikunjo ya nguo, kisigino kilichotobolewa ili asimame kwenye kitako, kisanduku kinachofunguka na kufungika tena bila kuchanika. Mtoto atakichana hata hivyo. Ni haki yake, na gamu isimpe taabu.

Hakuna haja ya vichwa vya kubadilisha na mikono sita ya akiba ndani ya toleo hilo. Kama ni lazima viwepo, viuzwe peke yake, kwa jina tofauti na mahali tofauti pa duka.

Nikirudishiwa mchoro wa 1979 leo, ningechora roketi ile inayochomoza na kugota, nitengeneze sampuli kumi, niwape watoto wa miaka minne hadi sita bila kuwaambia lolote, nikae pembeni. Kuibonyeza wataibonyeza. Ninachokitazama ni mbonyezo wa ishirini na kuendelea, wanapochoka na tak na kuanza kujiuliza kwa nini haitoki. Mmoja wao akiipeleka kwenye meno na ikalegea, mchoro unarudi mezani.